Mbega wa Ugweno na Taa wa Burma

Nikisikia mbega wakinguruma alfajiri, sauti kama pipa linaloburuzwa juu ya mawe, huwa narudi kimawazo milimani Ugweno, kwa bibi yangu, miaka ile baba alipokuwa vitani Burma. Mama alikwishafariki. Tulibaki wawili, na bibi hakuwa msemaji. Marafiki zangu wakawa mbega wa msitu uliokuwa nyuma ya migomba yetu.

Siku moja ikaja barua, mwalimu wa kanisani akatusomea. Baba aliandika kwamba katika mto wa huko ameona samaki aitwaye taa. Nilicheka, taa niliyoijua mimi ni ya mafuta. Mwalimu akaendelea kusoma: “Ni bapa, mviringo kama ungo wa bibi yako. Mkia wake mrefu kama wa mbega, ila hauna manyoya, na una mwiba wa sumu. Mbega hulala wamekumbatiana. Taa hujifukia topeni peke yake. Lakini wote wawili huzaa, hawatagi mayai.”

Nilimhurumia yule taa kuliko nilivyojihurumia. Nilikwenda msituni nikamwambia mbega mmoja aliyepakata kitoto cheupe pe, “Mwenzako wa majini hana wa kumsaidia kulea.” Akanitazama, akaendelea kutafuna majani.

Vita vikaisha, baba akarudi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” alijibu, akitazama pembeni.

Nilikuwa na swali langu. “Baba, yule taa huwachoma watu kwa nini?”

“Mtu akimkanyaga, anashtuka. Si ubaya wake.”

Kesho yake alikuwa akichuma kahawa, amenipa mgongo. Nikanyata nimzibe macho, kama tulivyocheza zamani. Aligeuka akanipiga kibao, nikaanguka. Kahawa ikamwagika yote. Akasimama akiutazama mkono wake, kisha akaondoka.

Bibi alinipangusa uso. “Usimchukie, mjukuu wangu. Baba yako bado hajafika.”

Nilimwamini neno kwa neno. Kumbe huyu tuliyekula naye ni mgeni tu, amevaa koti la baba! Basi kila jioni nikawa nakwenda njia panda kumsubiri baba mwenyewe, hadi baridi inifukuze. Yule mgeni alikaa mlangoni akinitazama nikienda, akinitazama nikirudi mikono mitupu. Hakuniuliza hata mara moja.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu ndipo nilipofahamu kwamba hakuniuliza kwa sababu alijua namsubiri nani, na kwamba naye alikuwa akimsubiri.