Mnyama Mwenye Jina la Mkwe

Mkasa huu nimeuficha muda mrefu, na hata leo nikiukumbuka uso unaniwaka hata ungeweza kuchomea mahindi, lakini kwa kuwa Iringa iliucheka ikamaliza na Mbeya ikaupokea ukiwa juu ya lori, naona afadhali niuandike kwa mkono wangu kuliko kuukuta sokoni umeongezwa chumvi (chumvi nitaitia mwenyewe, msiwe na shaka).

Mimi ni Mngonde wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, nchi ya Nyasa. Mume wangu Yohani alipopata kazi ya useremala Iyunga, pale Mbeya, tulihama sote pamoja na wazazi wake, na mimi nikaingia shule ya jioni ya watu wazima, nikasoma kwa bidii mpaka kibatari kikaniomba msamaha, na wakubwa wakaona nafaa kupelekwa Iringa muhula mmoja nikajifunze kuwafundisha akina mama kusoma. Ahadi ilikuwa moja tu: ukifaulu mtihani wa mwisho unapewa cheti, na mwenye cheti ndiye mwalimu wa darasa la akina mama la Iyunga, ukishindwa unarudi kumenya ndizi kama zamani. Nilikitaka cheti kile kuliko nilivyowahi kutaka nguo.

Sasa kwetu mkamwana ana mwiko mzito. Hamtazami baba mkwe usoni, akimwona anakuja anachepuka njia hata kama kando ni matope mpaka kiunoni, na jina lake halitamki maisha yake yote, wala neno lolote linalofanana nalo. Kama mkwe anaitwa Mawe, wewe utajenga jiko lako kwa "yale magumu" mpaka uzeeni. Na baba mkwe wangu (naandika tu, maana kuandika si kutamka, au ndivyo ninavyojidanganya) anaitwa Kasungula.

Nyumbani jina hilo halikunitesa, kwa sababu yule mnyama mdogo mwenye masikio marefu sisi tunamwita kalulu. Kwenye shule ya jioni nako tulisoma barua na Injili, na humo hayumo. Taabu ilinikuta Iringa, nilipofungua kitabu cha kufundishia nikaona kwamba kwa Kiswahili mnyama yule ni sungura, tena yuko kila ukurasa, anamdanganya fisi, anaiba karanga, anapanda mgongo wa tembo. Baba mkwe wangu mtupu, toka jalada hadi jalada.

Ningemwambia Mwalimu Agnesi siku ileile ya kwanza, yangekwisha. Lakini nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, na mwalimu wetu alikuwa Mhehe asiyecheka kabla ya saa nne, na jirani yangu kwenye benchi alikuwa Bi Zuhura, mtoto wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani, Kiswahili chake laini kama samli, nikaona nikieleza mambo ya mwiko wataniita mshamba. Kwa hiyo nikaamua kwamba penye neno lile nitasoma "mwenye masikio". Uamuzi mdogo kama punje ya ulezi.

Muhula mzima nikaenda hivyo. Zamu yangu ikifika nasoma, "Mwenye masikio akamwambia fisi," darasa linacheka, Mwalimu Agnesi anadhani nina utani mwingi ananiacha. Bi Zuhura akanibandika jina.

"Mama Masikio, nasikia kwenu mnakula ndizi asubuhi, mchana na jioni."

"Na katikati," nikamjibu.

"Ndiyo maana ulimi umeteleza."

Tulicheka. Sikujua kwamba naogea ukingoni mwa mto wenye mamba.

Wiki ya mwisho, wenzangu wameshaanza kufunga mizigo, akaja mkaguzi. Bwana mrefu, kaptula ya kaki iliyonyooshwa mpaka ingeweza kukata mkate, soksi magotini, uso haujawahi kuonyeshwa jua. Akakaa mbele, wageni wa mjini wakajaa kwenye mabenchi ya nyuma na madirishani. Wenzangu wakasomeshwa habari za kisima na za samadi. Mimi akanifungulia katikati ya kitabu. Nikatazama. Mkwe wangu huyo, amekaa juu ya kichuguu, picha na kila kitu.

"Soma," akasema.

"Hapo zamani mwenye masikio alikuwa rafiki wa fisi..."

"Simama. Neno la tatu ni lipi?"

"Mwenye masikio, bwana."

"Soma kilichoandikwa."

"Ndicho hicho, bwana, kwa maana yake."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaweka kidole kwenye picha. "Mnyama huyu anaitwaje?"

Hapo ningeweza bado kusema ukweli. Badala yake nikainamia picha kama mtu anayemtambua jambazi, nikasema, "Naona ni mtoto wa punda."

Watu wa dirishani wakaanza kuitana. Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake, nikajua kinachoandikwa, nikaona cheti changu kinapanda lori bila mimi. Nikakumbuka ule uongo wangu kwamba kuandika si kutamka, nikasema, "Bwana, nipe chaki, nitaliandika." Nikaenda ubaoni nikaandika SUNGURA kwa herufi kubwa kama milango, nzuri, zimenyooka, Mwalimu Agnesi akashusha pumzi.

"Vizuri," akasema mkaguzi. "Sasa soma ulichoandika."

Chaki ikakatika mkononi.

"Siwezi, bwana."

"Kwa nini?"

"Huyo ni baba mkwe wangu."

Darasa zima likacheka kicheko ambacho naapa kilisikika mpaka Ruaha. Bi Zuhura alianguka kutoka kwenye benchi, kweli, akawa chini anashika mbavu. Mkaguzi hakucheka. Alidhani namfanyia mzaha mbele ya watu, shingo ikamvimba, akasema taratibu, "Mama, utasoma ukurasa huu, au nitaandika kwamba hujui kusoma."

Hajui kusoma. Mimi. Nikamtazama Mwalimu Agnesi, na yeye akanitazama kama mtu anayeomba. Nikafumba macho nikasoma. Nililitamka lile neno, nikalirudia, nikaenda mbio ukurasa mzima bila kupumua, jina la mkwe likinitoka mdomoni kama maharage kwenye gunia lililopasuka, mara ishirini kama si mia mbili.

"Sasa umejua," akasema mkaguzi, akaandika nimefaulu. Watu wakapiga makofi. Walidhani nimeshinda neno gumu. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua nimefanya nini, nami nikaketi nikalia kwenye kanga yangu mpaka Bi Zuhura akainuka pale chini, akaacha kucheka, akanishika bega. "Shoga, kumbe ni kweli?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniambia, "Ungenieleza ningekusomea mimi zamu zako zote."

Lori lililala Makambako, likanifikisha Uyole, mlangoni mwa Mbeya, siku ya pili, na habari ilikuwa imetangulia kwa lori jingine (habari mbaya hailali Makambako). Nilipofika Iyunga mama mkwe alinikuta jikoni, na nyuma ya ua wa matete nikasikia kikohozi nilichokijua. Nikajifunika kanga uso mzima.

"Mzee anauliza," akasema mama mkwe.

"Anauliza nini, mama?"

"Ulipomtaja mbele ya watu wa serikali, ulimsoma sawasawa au uligugumiza?"

Nilitamani ardhi inimeze siku ile, pamoja na viatu vyangu vya Iringa. Nikanong'ona, "Sikugugumiza, mama."

Akapeleka jibu nyuma ya ua, akarudi. "Anasema afadhali. Aibu moja inatosha."

Yohani alimpelekea baba yake jogoo wa kuomba radhi, nami nikapewa darasa langu. Tangu hapo nimeapa kwamba popote niendapo ugenini nitaanza na miko yangu kabla ya jina langu, wacheke mapema wamalize. Kitabu kile bado nakifundisha. Tukifika ukurasa ule nawaambia akina mama wausome wenyewe, mimi natoka nje kutazama kama mvua itanyesha.