Mwalimu Ramani Asomea Ushauri wa Fedha

Kwa miaka thelathini na moja alifundisha jiografia, na wanafunzi wakamwita Ramani kwa sababu hakuwahi kuingia darasani bila ramani iliyoviringishwa kwapani. Jina likamganda hata mkuu wa shule akawa analiandika kwenye ratiba. Alikuwa mrefu, mwembamba kama fito, mwenye sauti ya kusikika mpaka uwanjani.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, kijana nadhifu alikuja chumba cha walimu na kompyuta yake. Akawaambia walimu waliokaribia kustaafu wampe kiinua mgongo chao, nacho kitazaa maradufu ndani ya miezi sita, hatari sifuri. Ramani akanyoosha mkono.

"Hiyo faida inatoka wapi?"

"Sokoni, mzee wangu."

"Soko gani? La nyanya?"

Walimu wakavunjika mbavu, kijana akafunga kompyuta akaaga. Lakini njiani kwenda nyumbani Ramani alikosa raha. Swali lake lilikuwa zuri, ila jibu lake hata yeye hakulijua. Wiki iliyofuata akajiandikisha kozi ya washauri wa fedha, ile inayoishia kwenye mtihani wa cheti. Aliyejua ni mkewe peke yake, naye alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi.

"Haya, mwanafunzi," alimwambia. "Usinisumbue tu na kazi za nyumbani."

Darasa lilikuwa Jumamosi asubuhi, ghorofani juu ya duka la miwani. Ramani aliwahi, akakaa dawati la mbele katikati ya vijana wa kuweza kumwita baba. Mkufunzi alipoingia, alisimama ghafla mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba." Ramani akamkazia macho, kisha akamkumbuka: mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyewahi kupata sifuri kwa kuchora mto unaopanda mlima. "Mto wako bado unapanda?"

"Umeshashuka, Mwalimu. Leo zamu yako."

Kusema kweli, masomo yalimwingia. Hisa, hati fungani, mfumuko wa bei, riba inayozaa riba, vyote alivimeza. Habari ya kutawanya uwekezaji ndiyo iliyompendeza zaidi. Akasimama bila kuombwa, akawaeleza wenzake kwamba ni sawa na mkulima mwenye mashamba matatu, moja bondeni, moja mlimani na moja kando ya mto. Mvua ikigoma huku, kule atavuna. Vijana wakaandika. Mkufunzi naye akaandika.

Kwa hiyo siku ya mtihani aliingia kifua mbele. Maswali mia moja ya kuchagua, kila mtu na kompyuta yake, matokeo papo hapo. Alama za kupita zilikuwa sabini. Ramani alipata sitini na nne.

"Mashine imekosea," akamwambia mkufunzi.

Mkufunzi akaipitia karatasi ya matokeo taratibu, kwa heshima zote. "Mwalimu, hesabu umezipata karibu zote. Ulipoanguka ni hapa, kwenye kumshauri mteja."

"Hapo ndipo nilipokuwa na uhakika kuliko kote!"

Kesho yake, wakinywa chai, alikuwa bado analalamika. Mkewe akavuta kitabu cha mazoezi, akafungua popote, akasoma: "Mjane wa miaka sitini na minane anaishi kwa pensheni ndogo. Bei za hisa zikishuka hapati usingizi. Utamshauri nini?"

"Anunue hisa," Ramani akajibu palepale. "Kwa muda mrefu hisa huushinda mfumuko wa bei."

"Ana muda mrefu gani huyo?"

"Aache woga tu."

Mkewe akakiweka kitabu chini. "Mume wangu, mama akija leba, sizai mimi. Nikisukuma mimi, mtoto atatoka?"

Ramani akakivuta kitabu, akalisoma swali upya, na kwa mara ya kwanza akamwona yule mjane, akigeuka huku na huku kitandani. Mtihani mzima alikuwa amejishauri mwenyewe.

Tangu siku hiyo jikoni kukageuka ofisi. Kila mkewe alipokuwa na mapumziko, alitoka nje, akabisha hodi, akaingia kama mteja: mara mjane mwenye shali, mara bwana harusi mtarajiwa, mara dereva wa lori mwenye watoto watano, kofia ya mumewe ikimfunika macho. Masharti yalikuwa mepesi: Ramani aulize maswali matatu kabla ya kutoa ushauri wowote. Siku za mwanzo alishindwa. Dereva wa lori alifukuzwa kabla hajakaa, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Miezi mitatu baadaye alirudi mtihanini, safari hii amejishusha. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaandika: sabini na nane. Mkufunzi, aliyekuwa akisubiri nje, aliruka akasahau kwamba amevaa viatu virefu, nusura aanguke ngazini.

Ramani akampigia mkewe. Simu ikaita weee, kimya. Baada ya saa nzima akapigiwa yeye.

"Sabini na nane!" akapaza sauti, barabara nzima ikageuka.

"Hongera, baba! Mimi nimepata mapacha. Mama yao hajambo."

Siku hizi ana meza katika ofisi ndogo ya ushauri, siku mbili kwa wiki, karibu na dirisha. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama aliyefundisha kemia katika shule yake ya zamani, ambaye naye alikuwa amestaafu. Alikuja akitaka jibu la dakika tano. Ramani akamkaribisha kiti, akachukua kalamu, akamwuliza siku yake huanza saa ngapi na hupenda kufanya nini. Yule mama akaanza kusimulia, na mpaka wanaagana ilikuwa imepita saa ya chakula cha mchana.