Siki ya Pointi Kumi na Nane

Mpaka leo bibi yangu, mke wangu huyu, akitaka kuniudhi hana haja ya kupaza sauti. Anaonja mchuzi aliopika mwenyewe, anatazama dari, anasema, "Kumi na nne juu ya makumi mbili." Basi hamu ya kula inanitoka.

Kosa lilikuwa langu, najua, lakini niachieni nimlaumu kwanza chef wetu wa biro, mkubwa wa ofisi yetu. Mwaka wa uhuru, Wabelgiji walipofungasha kwa haraka, mkubwa huyo wa shimandefere, njia ya reli, aliniachia vitu ambavyo havikuenea katika masanduku yake: chupa mbili za divai na daftari moja jeusi. Humo alikuwa ameandika kila divai aliyoionja hapa Albertville, kama tulivyoiita Kalemie wakati ule, na mbele ya kila moja alitia pointi juu ya ishirini, sawasawa na mwalimu. Chupa moja ilikuwa na kumi na nane. Nyingine, maskini, kumi na moja.

Sasa, mimi nilisoma sekondari kwa mapadri. Nikiona pointi juu ya ishirini, mgongo wangu unanyooka wenyewe. Nyumbani kwetu pointi hazikujadiliwa. Baba yangu hakujua Kifaransa, lakini buletini yangu ya shule aliisoma vizuri sana: alitafuta tarakimu, akaruka maneno yote ya mwalimu, akaenda kutoa mkanda msumarini.

Mtu mwingine angezinywa zile chupa wiki ileile. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na vitu vyangu hukaa nami. Nilizisimamisha juu ya kabati, chini ya mabati, kwenye ukuta ambao nyuma yake mbabula ya bibi yangu, jiko lake la makaa, iliwaka asubuhi na jioni. Ile ya kumi na nane niliipangusa vumbi kila Jumapili. Ile ya kumi na moja niliiacha ijifikirie.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo dada yangu mdogo akapata mchumba, fundi wa umeme kule Bendera. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo baba njo mimi, mimi ndiye wa kumwoza. Mzazi wa kijana, mzee wa Kongolo, nilimwandikia barua ndefu ya kumsifu binti yetu. Akajibu kwa mstari mmoja: atakuja Jumapili pamoja na dada yake, amwone binti, aseme ndiyo au hapana. Wiki ile dada yangu alishona nguo, akaifumua, akaishona tena. Kula hakula.

"Wageni wa namna hii watapewa ile kubwa," nikatangaza.

"Uifungue leo, uionje kwanza," bibi yangu akasema.

"Nionje nini, Mama? Imekwisha kuonjwa! Kumi na nane!"

"Na ulimi wako umemwazima nani?"

Nani anajibu maswali kama hayo?

Kwetu, mwenye nyumba huonja kinywaji mbele ya wageni. Akisema ni kizuri, ndipo wanapokea, maana wanachokunywa hasa ni neno lake. Jumapili baada ya misa, mzee na dada yake wakiwa wamekaa, nikafungua chupa. Kizibo kikamegeka. Divai ikatoka na rangi ya chai iliyolala. Nikaonja.

Siki. Sisemi ilielekea kuwa siki. Ilikuwa siki ya kulowekea pilipili. Ulimi ukaniambia, tema. Daftari lilikuwa pale mezani, nimelifungua kwenye ukurasa wake ili wageni waone, nalo likaniambia, kumi na nane. Nikawaza: labda divai za wakubwa njo ziko hivi. Labda ubovu uko kwenye ulimi wangu huu uliozoea ugali wa bukari na vidagaa vya ndakala.

"Nzuri sana," nikasema, machozi yakinilengalenga.

Wakanywa. Dada ya mzee akakoholea ndani ya kitambaa. Mzee akameza bila kukunja uso, akaweka bilauri chini polepole.

"Papa, umeonja?" akaniuliza kwa heshima.

"Nimeonja, Papa."

"Na umesema iko muzuri."

"Ilipata kumi na nane juu ya makumi mbili."

"Nani aliipa?"

"Chef wetu wa zamani."

"Iko wapi, huyo chef?"

"Ubelgiji."

"Basi tumungojee arudi, aimalize."

Dada yake akacheka. Yeye hakucheka. "Katika barua yako ulisema binti huyu anajua kazi na hasemi uongo. Hayo nayo uliyasoma mu daftari?"

Dada yangu alikuwa mlangoni na sahani ya samaki, mikeke ya kukaanga.

"Yaya," akaniita, yaani kaka mkubwa, "sema."

"Ni siki, Papa," nikasema. "Niliijua tangu tone la kwanza. Niliogopa pointi."

Bibi yangu akaleta ile chupa nyingine, akachukua daftari mezani, akaliweka kwenye kiti chake, akalikalia.

"Onja," akasema. "Halafu useme wewe."

Sijawahi kuona mtihani mgumu kama ule. Nikanywa, nikafunga macho. "Ni tamu. Kama asali iliyoungua kidogo. Inapasha kifua moto. Mimi naipenda." Niliona haya kama mtu anayeungama dhambi mbele ya kanisa zima.

Mzee akaonja. "Kwangu ni tamu kupita kiasi," akasema. "Lakini umesema tamu, na ni tamu. Mumiminie dada yangu." Akanisogelea. "Sasa nielezee binti. Bila daftari."

"Ni mbishi," nikasema. "Akiwaza mambo yake, bukari inaungua. Lakini hajawahi kunidanganya, hata siku ambazo ningependa anidanganye."

"Mwanangu naye ni mbishi," mzee akasema. "Wataunguza pamoja." Akamwita dada yangu, akajitwalia mkeke kwa mkono wake mwenyewe, akala. Kwetu, kula hivyo ni kusema ndiyo.

Walipoondoka bibi yangu akainuka, nikapata daftari langu. Kwa mara ya kwanza nikasoma maneno madogo yaliyokuwa kando ya kumi na nane: *Inywewe mapema, haitangoja.* Na kando ya kumi na moja: *Imara, lakini tamu mno. Ya wanawake.* Yule bwana hakupenda utamu, basi. Na mimi kwa miaka miwili nilipangusa vumbi la ulimi wake.

Maneno yote yalikuwepo, kwa Kifaransa safi ninachokijua, nami niliyaruka. Nikainua macho ukutani, kutazama kama mkanda wa baba bado uko msumarini.