Khanga ya Shingoni

Kokushubira hakuwahi kutoka nje bila khanga shingoni. Jua liwake, mvua inyeshe, ungemkuta hapo mtaani Mirongo kaizungushia kooni kama mtu anayeumwa mafindofindo. Haumwi. Aliamini kwamba sauti huibiwa, na kwamba mwizi wa sauti hana haja ya kuvunja mlango. Humtosha kuliona koo lilivyo wakati linaimba.

Na sauti alikuwa nayo, hilo hata wasiompenda hawakubisha. Tangu aliposhuka melini kutoka Bukoba, mke mpya wa karani wa bandari, haikupita harusi wala komunio ya kwanza ya watu wa kwao hapa Mwanza bila yeye kuongoza nyimbo. Mume alifariki, sauti ikabaki. Ila hakuitoa yote hata siku moja. Aliimba nusu, nusu nyingine akaibakiza chini ya khanga, maana katika watu waliokuja kula pilau utajuaje nani kaja kwa nia gani?

Kushuku ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Alimshuku balozi wa nyumba kumi kwa sababu ya salamu zake ndefu. Alimshuku muuza duka la ushirika, kwamba sukari anailowesha ili iwe nzito. Hata paroko alimshuku siku aliporuhusu ngoma ziingie kanisani, ingawa mwenyewe ndiye aliyetangulia kuzichezea. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu asiyemshuku, binti yake Kemilembe, mtoto wa pekee, muuguzi wa zahanati, ambaye tangu baba afariki alikuwa akila naye sahani moja.

Basi Kemilembe aliposema amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni Mihayo, Msukuma, dereva wa trekta wa kijiji cha ujamaa kule Buhongwa, mama alikaa chini. Na Mihayo hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa baba yake, mzee Ngosha, kiongozi wa ngoma. Nani hajasikia habari za ngoma za Wasukuma? Zina dawa ya mvuto. Ikipigwa, mtu anaacha jembe, anaacha sufuria jikoni, anafuata. Sasa mtoto akifuatishwa namna hiyo, ataikumbuka njia ya kurudi kwa mama yake? Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, mengine yote yalikuwa nyongeza.

"Mama, ni ngoma tu," alisema Kemilembe.

"Wewe umezoea zahanati. Unadhani kila dawa inatiwa kwenye chupa."

Wiki chache kabla ya harusi, Ngosha alikuja mwenyewe, kavaa koti la sikukuu. Kokushubira alimtilia rubisi, pombe ya ndizi ya kwao. Mzee aliipokea vizuri, akaishika, akashukuru, wala hakuinywa. Alisubiri mpaka mwenye nyumba aonje kwanza. Kokushubira akaonja huku akimtazama, akajisemea moyoni kwamba mtu anayeogopa kuwekewa kitu ni yule mwenye mazoea ya kuwawekea wenzake. Haikumjia hata kidogo kwamba huko Buhongwa nako watu wamesikia habari za dawa za Wahaya.

"Mayu," alisema Ngosha, akimwita mama kwa Kisukuma, "tumesikia unaongoza wamama wa kwenu. Tunaomba mje muimbe."

"Tutakuja. Mwanangu siwezi kumwacha aende bila kumwimbia."

"Vizuri. Sasa utasimama upande gani? Uwanja wetu una upande wa ghala la pamba na upande wa kisima." Akachora mistari miwili kwa fimbo yake pale uani, inatazamana. "Wewe ndiye mgeni. Chagua."

"Upande wa ghala," alisema Kokushubira, kwa kuwa ghala lina kivuli. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kule kuridhika ndiko kulikomharibia mambo. Mpaka mgeni anafika barabarani, mwenye nyumba ameshajua sababu ya swali lile. Wanataka kujua atakaposimama ili wafukie dawa zao mapema. Akachukua ufagio, akaifuta ile mistari.

Siku ya harusi ikafika, mavuno yameshaingia ghalani. Baada ya misa, lori la kijiji likawabeba akina mama na nyimbo zao hadi Buhongwa. Katika pindo la gauni la Kemilembe mama alikuwa ameshonea medali ya Bikira Maria, bila kumwambia mtu. Walipofika uwanjani, akina mama wakaelekea kivulini penye ghala, mahali palipofagiwa vizuri kwa ajili yao.

"Hapana," alisema Kokushubira. "Twende kisimani."

"Kisimani kuna jua la usoni!" alilalamika Immaculata, mwitikiaji wake wa miaka mingi.

"Afadhali jua."

Wapiga ngoma wa Ngosha, walipoona wageni wamechukua kisima, wakatazamana, wakahamia ghalani bila ubishi. Jambo hilo nalo hakulipenda. Kisha akaona kitu kingine. Mbele ya kila upande ulimwagwa mstari wa majivu meupe, mrefu, umenyooka. Akawaambia wenzake wasiukanyage, na akamvuta nyuma yule mmoja aliyetaka kuujaribu kwa kidole cha mguu.

Bibi harusi aliwekwa kitini katikati ya uwanja, shela limefunika uso. Kokushubira akaanza wimbo wa kumuaga. Kwao wimbo huo huimbwa polepole, unamkumbusha binti jiko la mama yake, mgomba alioupanda, sauti ya baba yake akikohoa asubuhi, mpaka alie. Na binti asipolia, mama yake hupata la kujibu kwa majirani. Aliimba kwa nusu yake ileile ya siku zote, khanga imekaza kooni. Kemilembe hakulia. Ule mguu wake uliochungulia chini ya gauni ulikuwa umetulia tu.

Hawajafika hata kwenye mgomba, ngoma zikalipuka upande wa ghala.

Zilikuwa ngoma kubwa, za kusikika tumboni. Watu waliokuwa wamewazunguka akina mama wakageuza shingo, wakageuza miguu, wakaondoka. Wakaondoka hata Wahaya! Aliondoka shemeji yake mwenyewe na suti yake. Kokushubira akanyamaza. Hasira zikampanda, maana aibu kama ile hajapata kuiona: kupiga ngoma juu ya wimbo wa kumuaga mtoto wa watu!

"Nilisema! Nilisema mimi!" aliwageukia wenzake. "Immaculata, kusanyeni vitu. Tunamchukua mtoto, tunarudi mjini."

Ngosha akaja mbio, koti linapepea.

"Mayu, mbona umenyamaza? Ukinyamaza umeshindwa!"

"Nimeshindwa nini? Nyie mnampigia mtu ngoma akiwa anaimba, mkamchukulia watu wake!"

"Ndiyo!" Mzee alishangaa kweli. "Sasa tukuache uimbe peke yako kama mfiwa? Sisi kundi likija tunalikabili. Hawa huku na wale kule, kwa wakati mmoja, watu wenyewe wachague pa kusimama. Mtu tusiyemhesabu hatumpangii upande. Siku ile si nilikuuliza?"

Kokushubira akaitazama ile mistari ya majivu, inatazamana kama ile aliyoifagia uani kwake.

"Na dawa ya mvuto?"

"Mayu, kama ni dawa, wewe mbona hujavutwa?"

Hakumwambia kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kuitikia ngoma zile bila ruhusa yake. Aligeuka kumtafuta binti yake. Kiti kilikuwa kitupu.

Kemilembe alikuwa kule ghalani, katikati ya shangazi za mumewe, kainua shela, anapiga makofi na kucheka. Hakuna aliyemburuta. Alikwenda kwa miguu yake, na medali ikiwa pindoni.

Hapo hasira zilimwisha, ukabaki uchungu mtupu. Miaka yote alilinda koo, na kilichoondoka hakikutokea kooni. Akaifungua ile khanga. Immaculata, aliyemjua tangu wakiwa wasichana, ndiyo kwanza alione koo lake, akasahau hata kuitikia. Kokushubira akaurudia wimbo kutoka mwanzo, safari hii bila kubakiza kitu.

Ilikuwa sauti kubwa kuliko walivyodhani, nene, yenye mkwaruzo kidogo, nayo ilipita juu ya ngoma na kufika hadi ghalani. Wa kwanza kurudi alikuwa shemeji mwenye suti, kwa aibu. Wakafuata wanawake wenye watoto mgongoni, kisha vijana, kisha shangazi za Mihayo wenyewe. Vumbi likatimka. Ngosha akarusha fimbo yake juu na kuidaka, akacheka, maana hata wapigaji wake wawili walikuwa wameziacha ngoma. Watu wote wakarudi.

Kemilembe hakurudi. Alisimama palepale mbele ya ghala, peke yake, mikono imeshika shela, analia kama mtoto. Watu wakazidi kumzunguka mama yake kwa vigelegele, wakamzunguka mpaka wakamziba, asimwone tena binti yake.

Kokushubira akawapenya kwa viwiko, akiimba. Alipofika kwenye mstari wa majivu, Ngosha akapiga kelele nyuma yake.

"Usivuke, mayu! Umeshinda! Ukihama upande wako umetupa ushindi!"

Akaukanyaga. Akavuka uwanja wote, akaukanyaga na ule wa pili, kelele za watu zikamfuata. Alipomfikia mwanawe ndipo alipomaliza ubeti.

"Mama," Kemilembe alisema, machozi yanamchuruzika. "Umevuka. Umeshindwa."

"Najua," alisema Kokushubira, akamzungushia khanga shingoni na kuikaza vizuri. "Funika koo. Hawa watu bado hujawajua."