Maji ya Chaki

Watu wakisimulia jinsi elimu ilivyoingia kwetu Temeke, huanzia shule ya serikali, kana kwamba kabla yake tulikuwa tumekaa tu tunaokota nazi. Inanikera. Mie nilijua kusoma kabla sijaiona shule hiyo.

Nilisomea chuoni, barazani kwa mwalimu wa Kurani, jirani yetu. Kila mtoto alikuwa na ubao wake wa mti, na tuliandika kwa wino wa masizi. Ukishahifadhi, ubao unaoshwa kwa maji safi, na maji yale hayamwagwi ovyo yakakanyagwa. Unayanywa, ili maneno yakae moyoni. Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea, alikuwa akisema ndiyo maana Kurani yake haimtoki hata akishikwa na homa.

Kisha serikali ya Mwingereza ikafungua shule pembeni mwa minazi, na baba akataka niende. Alikuwa akibeba mizigo bandarini, na kule, alisema, kila mwenye kalamu amekaa na kila asiye nayo amebeba. Bibi hakutaka hata kusikia. Mwalimu wa huko alikuwa Mkristo kutoka bara, na mtaani walisema watoto hubatizwa kimyakimya. Yeye na baba walivutana siku nyingi, mwisho bibi akakubali nijaribu, kwa sharti moja: akisikia nimelishwa au nimenyweshwa kitu na yule mwalimu, shule basi. Nilikubali haraka. Nilikuwa naitaka shule ile kuliko nguo ya Idi.

Wiki ya kwanza tulipewa vibao vyeusi vya mawe na vipande vya chaki. Mwalimu akatuandikisha neno moja, akapita kulikagua, akasema, "Haya, futeni."

Wenzangu wakatemea mate vibao vyao na kusugua kwa viganja. Nilishtuka sana. Herufi zinatemewa mate! Nikaenda kwenye mtungi, nikachota maji kwa kata, nikaosha kibao changu taratibu juu ya bakuli, nikanywa. Yalikuwa na ladha ya chokaa. Darasa zima likavunjika mbavu.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza nimefundishwa wapi kufanya vile, nikamweleza. Akasema kwao hakuna desturi hiyo, ila ameipenda, lakini chaki itaniumiza tumbo, nisirudie.

Habari ilinitangulia nyumbani, na njiani ilikuwa imenenepa: mtoto kanyweshwa maji na Mkristo. Nilimkuta bibi amesimama mlangoni, na baba karudi kutoka kazini, hajavua hata viatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Kakupa nani?"

"Hajanipa mtu. Nimeosha kibao mwenyewe. Wenzangu wametemea mate."

Hapo nikaanza kulia, maana niliona shule yangu imekwisha. Bibi akakaa kwenye kibaraza.

"Kibao kilikuwa kimeandikwa nini?"

"Kuku."

"Kuku tu?"

"Kuku tu, bibi. Mengine tutaandika kesho."

Baba aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Bibi hakuona cha kuchekesha. Kwake maji ya ubao hayakuwa mchezo: kilichonywewa kimeshaingia, na hakuna wa kukitoa. Na yeye ndiye aliyekuwa akitupigia kelele kila siku kwamba mtoto akishaanza juzuu haachi katikati, lazima aimalize. Alifikiri, akajifunga kanga vizuri, akamgeukia baba.

"Kesho mrudishe shule," alisema. "Hatuwezi kumwacha mtoto na kuku peke yake moyoni."