Hakimu Alipomtoa Shangazi Nje

Wenzangu wa makao ya watoto hapa Makoko, Musoma, mlitaka nisimulie bila kuacha kitu, basi kaeni vizuri. Nilikwenda Bunda kwa sababu mahakama ya watoto iliniita. Ilikuwa iamue kama nitoke makaoni nikaishi na Shangazi, Butiama. Shauri lilikuwa limeahirishwa mara mbili kwa kuwa mimi mwenyewe sikufika, na Dada Neema wa Ustawi wa Jamii alinikazia macho: "Hii ya tatu, Nyangi, hata ukiumwa jino tunaenda."

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Musoma kwa basi. Dada Neema alilala hadi Bunda, mdomo wazi. Mimi nilirudia kimoyomoyo maneno mliyonifundisha: "Mheshimiwa hakimu, naomba..." Tatizo, nilichotaka kuomba sikuwa nimemwambia mtu. Shangazi nampenda sana. Ila kidato cha nne nilitaka kumalizia Musoma, shuleni kwangu, na niliogopa kumuumiza.

Bunda, saa tatu. Nilitegemea kizimba na askari. Tukaingizwa chumba kidogo chenye meza na viti vya plastiki. Hakimu, mama wa makamo, hakuvaa hata joho. Shangazi alikuwa ameshafika, kitenge kipya kabisa.

"Nyangi, wewe unataka kuishi wapi?" hakimu aliniuliza.

Nikainama. Kwetu mtoto hamtangulii mkubwa wake kusema.

"Anataka kwangu, Mheshimiwa," Shangazi akajibu. "Kitanda nimeshanunua."

Hakimu akauliza tena, Shangazi akajibu tena. Mara ya tatu hakimu akacheka, akamwomba atupishe kidogo. Shangazi akatoka kwa heshima zote, mkoba kwapani. Hapo nikafungua mdomo, na jamani, kunyamaza ikawa kazi!

Uamuzi ukatoka: shule nimalizie Musoma, likizo niende Butiama, na nikimaliza mtihani nihamie huko moja kwa moja. Wikiendi ile ile nianze kwa kumtembelea. Shangazi aliposomewa akabana mkoba wake kwapani, akasimama.

Njia nzima kwenda Butiama alitazama dirishani tu. Nilitamani Dada Neema angekuwa nasi, lakini yeye alikuwa amesharudi Musoma.

Butiama, jioni. Alinionyesha kitanda, godoro likiwa bado ndani ya nailoni yake. Akakaa juu yake, nailoni ikalia.

"Nilijua umenikataa," akasema.

"Sijakukataa, Shangazi. Ni shule tu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nikainama. Akanitazama, halafu akaanza kucheka mpaka akafuta machozi. "Nilikuwaga najiuliza, huyu mtoto mbona haongeagi? Kumbe nafasi yote naimalizaga mimi!"

Nilifurahi, nikalia, nikala ugali wa muhogo na maziwa mgando mpaka tumbo likauma.

Jumapili nilirudi Makoko. Sasa Wegesa, wito wako wa mahakamani ni mwezi ujao, na nasikia umeanza kutafuta ugonjwa. Nenda. Kuna swali pale ambalo hata anayekupenda hawezi kukujibia.