Kiti Kisitoke Karakanani

Mke wangu wageni walimwita Mama Funguo. Funguo za nyumba nzima alizifunga kwenye pindo la nguo, akitembea zinalia. Ukitaka kujua yuko wapi, nyamaza tu usikilize.

Nyumba si yetu. Ilikuwa ya mchongaji mmoja wa zamani. Mbele vyumba na jiko, nyuma karakana yenye paa la kioo upande mmoja, na patasi zake bado zimetundikwa ukutani, ndogo mpaka kubwa. Mke wangu aliingia pale akiwa msichana, kumfulia mjane wa mchongaji. Mimi nilikuja na mwiko kuziba ufa wa ukuta. Ufa niliuziba. Nyumbani kwetu sikurudi.

Mjane alipokaribia kufa alikiachia chama cha wasanii nyumba ile kwa sharti moja: isikae bila mkono unaofanya kazi. Ndipo wageni wakaanza kuletwa. Mmoja mmoja, miezi michache kila mtu. Anapewa kitanda, karakana na ufunguo, anafanya sanaa yake, anakwenda, anakuja mwingine. Kuwachagua ilikuwa kazi ya chama. Kuwapokea, kuwafulia mashuka, kuwatafutia fundi bomba na kuwatuliza wakilia, hiyo ilikuwa kazi ya mke wangu.

Maana wasanii wanalia. Hilo sikulijua kabla.

Nimeona mengi pale. Yuko aliyejaza karakana chumvi, magunia kwa magunia, akawa anaichana kwa reki. Yuko aliyetukataza kutengeneza bomba linalovuja kwa kuwa alikuwa anarekodi matone. Mwingine alikaa muda mrefu hakugusa kitu, anatazama ukuta tu. Katibu wa chama alikuja roho juu.

"Mama, huyu anafanya nini?"

"Anafanya kazi," mke wangu akamjibu. "Mwache."

Mimi udaku ninao, sikatai. Nikipita dirishani shingo inarefuka yenyewe. Lakini mke wangu alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, mgeni haulizwi anatengeneza nini mpaka akufungulie mlango mwenyewe.

"Kuuliza si ujinga," nilimwambia.

"Si ujinga. Ni kufunua chungu. Kila ukifunua, mvuke unatoka, na wali unabaki mbichi."

Ya pili ilihusu kiti cha mbao kilichokuwa pembeni mwa karakana, chenye mto wa bluu. Wageni wahamishe meza, wang'oe mapazia, wamwage chumvi wakitaka, lakini kiti kisitoke. Nilidhani ni heshima kwa mchongaji.

Basi kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, mke wangu aliingia karakanani. Mlango unafungwa, pazia linashushwa, funguo zinanyamaza. Anatoka jua limelegea.

"Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Mambo ya wageni."

Siku nyingine namzunguka. "Huyu wa sasa anaongea sana, eti?"

"Haongei."

"Sasa mnafanya nini humo?"

Ananitazama, anacheka, anachukua ndoo yake.

Lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Wivu haukuwapo, ungewaona wale wageni usingeona wivu. Nilitaka kujua tu. Yako maneno aliyowapa wao, mimi sikuyapata?

Akafariki. Homa ya mapafu. Aliugua kidogo, akaenda. Hapo siongezi neno.

Mgeni mmoja alikuwa ameshachaguliwa. Katibu akasema huyo ndiye wa mwisho. Bila Mama Funguo nyumba itageuzwa makumbusho, iwekwe kamba milangoni, watu wawe wanakuja kutazama patasi na kuondoka. Sharti la mjane hakuligusia. Binti yetu naye akasema, "Baba, mgeni akiondoka nakuja kukuchukua. Chumba chako kipo."

Nikasema sawa. Ningekataa kwa lipi? Ila nilijua nikishazitoa funguo zile, lile jambo silijui tena mpaka kaburini.

Mgeni akaja, msichana mwembamba na cherehani yake na marobota ya mashuka makuukuu. Zaidi ya hapo sikuuliza. Amri ni amri hata mwenye amri akiwa hayupo.

Lakini alinishangaza. Kila alasiri alifungua mlango wa karakana wazi kabisa, akauzuia kwa tofali. Anakung'uta ule mto wa bluu, anaurudisha kitini, anaendelea kushona. Jua likilegea anafunga. Mwanzo nilidhani ni joto. Ikaja siku ya mvua na upepo, akafungua vilevile, matone yanaingia mpaka ndani. Nikapita na fagio. Nikapita tena na ndoo, haina kitu. Yeye ananitazama, mimi namtazama. Sikuingia. Mlango kuwa wazi si kukaribishwa. Hata mbuzi huachiwa mlango wazi.

Nikaanza kuhisi anamngoja marehemu.

Mwisho aliyeshindwa ni yeye. Alinifuata jikoni, mikono kiunoni.

"Babu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kelele za cherehani zinakuudhi?"

"Hata kidogo."

"Sasa mbona huji kulala?"

Nikatua sufuria.

"Kulala wapi, mjukuu wangu?"

"Kwangu. Karakanani."

"Mimi ni mzee. Tena nimefiwa juzi tu."

Akanikodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Babu jamani! Kwenye kiti! Kulala usingizi!"

Nikamwambia aketi anieleze vizuri.

"Niliambiwa na aliyekaa hapa kabla yangu," akasema. "Naye aliambiwa na aliyemtangulia. Mwenye funguo huja alasiri, hukaa kwenye kile kiti, hulala. Usimwamshe. Usiache kazi yako kwa ajili yake. Usimwambie mtu. Nami nikadhani ndio utaratibu wa nyumba. Funguo si unazo wewe?"

"Mama Funguo alikuwa analala?"

"Na kukoroma, nilivyosikia."

"Kukoroma kwake nakujua."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimewaza siri, nimewaza mashauri makubwa. Kumbe usingizi! Nyumba nzima ilimwita: mama shuka, mama bomba, mama umeme umekatika. Na mimi mbele yao wote: mama chai. Pale tu hapakuwa na wa kumwita. Na wale wageni, watu ambao wengi wao hawajuani hata kwa sura, walipokezana siri ile na hakuna aliyeivujisha. Hata yule wa chumvi!

Lakini udaku ukishiba kidogo huomba tena.

"Kitanda tunacho," nikamwambia. "Kizuri tu. Kwa nini alale kwenye kiti kigumu, cherehani zinalia, nyundo zinagonga?"

"Sijui, babu. Njoo uone."

Kesho yake alasiri nikaenda. Alisimama mlangoni kabisa, akaniambia, "Karibu." Hapo ndipo nilipovuka kizingiti.

Mashuka alikuwa ameyaunganisha, yamening'inia kutoka darini mpaka sakafuni. Kila mahali palipochakaa kwa mwili wa mtu, begani, kiunoni, kwenye kisigino, alikuwa amepazungushia uzi mwekundu. Ukisimama mbali unaona watu wamelala, na watu hawapo. Nikazunguka nyuma, nikarudi mbele. Nilikuwa na maswali kumi. Nikayameza.

Nikakaa kitini, nikafumba macho. Usingizi haukuja. Nikasikia cherehani inakimbia, inasimama. Uzi unakatwa kwa meno. Mtu anaguna, anafumua, anaanza upya. Kioo cha paa kinalia kwa jua. Nikakaa hivyo mpaka mabega yakashuka yenyewe, ndipo nikaelewa. Karibu yako mtu anafanya kazi kwa moyo wote, na kazi ile si yako. Hakuna unachotakiwa kufanya. Maisha yake yote, mke wangu wapi pengine angelipata hilo?

Nikawa naenda kila alasiri. Siku ya nne nilikoroma. Nimeambiwa.

Siku ya mgeni kufungasha, katibu alikuja kuchukua funguo. Binti yangu naye alikuwa amefika, begi langu liko mkononi mwake tayari.

"Baada ya huyu," nikamuuliza katibu, "yuko mwingine aliyeomba?"

"Wapo wengi, mzee. Bado hatujawajibu. Kuna kijana mmoja, yeye anatengeneza..."

"Usiniambie."

"Nisikuambie nini?"

"Anachotengeneza. Mwite aje. Nitaona akinifungulia mlango."

Katibu akamtazama binti yangu. Binti akatua begi.

"Baba, wewe? Utaweza mashuka?"

"Nitajifunza."

"Na hayo mabomba? Na wakilia?"

"Wakilia nitawapa chai."

Mgeni alikuwa ameinama anafunga robota lake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Katibu akasema atawauliza wenzake, ila hakunyoosha mkono kuzidai funguo. Nikazifunga funguo kiunoni, nikaenda karakanani kuangalia kama wakati wa kutoa cherehani hawakukitoa na kile kiti.